Shingo

Mchoro wa kwanza nilimpa kila kitu:
macho kama visahani vya chai,
kiuno cha nyigu, buti za kung'aa,
na nywele, Mungu wangu, nywele za kupepea.
Elirehema akaurusha mtandaoni saa mbili usiku.
Umeme ulipokatika Majengo
tulikuwa tumechangiwa laki tatu na elfu kumi.

Pesa ikaja na midomo yake.
Elfu hamsini, Tandika: mpe upanga.
Elfu tano, Same: mrefushe, mbona mfupi kama kisoda?
Elfu ishirini, hakusema anakaa wapi:
mweupishe kidogo, kioo cha simu yangu kina giza.
Laki mbili kwa mkupuo, kutoka Maskati:
nywele zisifungwe. Mimi nimelipia nywele.

Nami nachora. Mchana mabango ya saluni,
usiku namrefusha, namfupisha,
namvua upanga, namvika tena,
kama mama anayemwandaa mtoto wa kipaimara
na mashangazi wote wana neno juu ya soksi.

Mchezo wetu ni rahisi kueleza.
Yeye ndiye mgumu:
ndivyo tunavyowaita huku Moshi
wanaobeba mizigo ya wageni mlimani.
Kilo ishirini kichwani, ukungu mbele,
na afike kambini kabla ya mwenye hema.
Basi.

Jumanne ikaingia elfu moja.
Elfu moja tu, hata makato yaliona haya.
Chini yake maneno:
Nimepanda mara arobaini na moja.
Hiyo shingo ni ya uongo.

Nikazima kompyuta. Nikaiwasha.
Ilikuwa shingo ya kuvalia mkufu.
Nikapiga ile namba.

Alikuja Jumamosi, Anaeli wa Rau,
kandambili, kitenge, mfuko wa ndizi mshare.
Stuli hakuitaka.
Akazungusha macho chumbani, akauona mtungi wa gesi,
akauinua kama mtu achukuavyo kofia yake msumarini,
akautua utosini, mikono akaiachia.
"Chora upesi. Nina maharage jikoni."

Nyuma ya masikio mishipa miwili
ilisimama kama nguzo za lango.
Shingo ilizama mabegani, fupi, pana,
ikifanya kazi yake bila kutaka kutazamwa.
Kidevu chini kidogo.
Nilikuwa nimemchora akikodolea kilele.
"Kileleni kuna nini? Tazama visigino vya aliye mbele yako.
Vikiteleza, umeshaonywa."

Na nywele? nikauliza, nikiiwaza Maskati.
Alicheka. Mtungi haukutikisika.
"Kofia mbili, mtandio juu yake. Nywele ziko likizo."

Kesho yake Kiborloni nikatafuta koti:
elfu nne, zipu imekufa,
kwenye kola jina la Mzungu kwa wino uliochuja.
Nikalichora na jina lake,
herufi tatu zinasomeka, nyingine zimekwenda na sabuni.
Buti nikampa za watu wawili tofauti,
ya kulia imejazwa gazeti.
Hilo hakuna aliyelichangia. Nililiona miguuni mwa kijana
anayeshusha magunia pale pale sokoni.

Wa Maskati alitaka chake.
Tukamrudishia. Makato tulilipa sisi.
Elirehema alininunia siku mbili nzima,
hesabu zake zimejaa mistari myekundu,
kisha akamwendesha kwa kidole, ngazi ya mawe, ukungu,
hatua, pumzi, hatua,
akasema bila kunitazama:
"Sasa ana uzito."

Uso bado sijaupata.
Wachangiaji mia tatu na kumi na saba wanaungoja,
kila mmoja na wake mfukoni.
Anaeli hata hakuuliza habari za uso.
Alishusha mtungi, akasahihisha kidole changu kwenye kioo,
hapa, nene zaidi, hapa,
akaondoka kuwahi maharage.

Uso utakuja, au hautakuja.
Shingo ipo.